Uluguru: Somo la mradi uliokufa kwa kutosikiliza

MWAKA 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru mkoani Morogoro, umati wa wakulima wenye hasira ulikabiliana na polisi wa serikali ya kikoloni. Risasi zilifyatuliwa na mtu mmoja akapoteza maisha.

Ugomvi huo ulitokana na matuta. Kwa miaka kadhaa serikali ilikuwa ikiwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ya milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Baada ya ghasia hizo amri ya kuchimba iliachwa, na mpango mzima, uliojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama ULUS, ukafa.

Miaka 70 imepita, lakini kisa hicho kinastahili kusomwa upya na kila mtu anayesimamia mradi, au anayefanya kazi katika taasisi ambamo wachache hupanga na wengi hutekeleza.

Mpango wa Uluguru ulikuwa na wataalamu, ulikuwa na fedha, na lengo lake lilikuwa jema. Kilichokosekana ni njia ya kumwezesha mkulima aliyeshika jembe kumwambia mpangaji kwamba kazi haiendi, na mpangaji akasikia kabla mambo hayajaharibika.

Siku hizi tatizo hilo limepata wataalamu wake. Makampuni, benki na mashirika yasiyo ya kiserikali hulipa fedha nyingi kufundishwa utaratibu wa kuendesha miradi unaoitwa ajaili, neno lenye maana ya wepesi wa kugeuka. Wengi huudhani kuwa ni jambo la watu wa kompyuta peke yao. Ukitazamwa kwa makini, unajibu swali lile lile lililoachwa bila jibu Matombo.

Mpango ulioanza kwa nia njema

Milima ya Uluguru inasimama kusini mwa mji wa Morogoro, na kilele chake kirefu zaidi, Kimhandu, kinazidi mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Mvua inayonyesha huko hulisha vijito vinavyoingia mto Ruvu, ambao ndio chanzo kikuu cha maji ya jiji la Dar es Salaam.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni waliona mambo mawili ya kutisha. Ardhi ya milimani ilikuwa ikilimwa bila kupumzishwa vya kutosha kwa sababu watu walikuwa wameongezeka, na udongo ulikuwa ukisombwa na maji.

Wakaandaa mpango. Wakulima walitakiwa kuchimba matuta ya ngazi, kuacha kuchoma mashamba kabla ya kupanda, na kuacha kulima kwenye miteremko mikali na kandokando ya mito. Asiyetii alishitakiwa na kutozwa faini.

Kwenye karatasi mpango huo ulionekana hauna kasoro. Matuta ya ngazi yametumika kwa karne nyingi katika nchi za milima, kuanzia bara la Asia hadi Amerika ya Kusini.

Shambani hali ilikuwa nyingine. Katika sehemu kubwa ya Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba lililo juu. Kuchimba ngazi kulikuwa na maana ya kulifukia tabaka hilo na kuleta juu udongo wa chini usio na rutuba. Mkulima aliyemwaga jasho kuchimba alijikuta akivuna kidogo kuliko alivyovuna kabla ya kuwa na tuta.

Rutuba hiyo ingeweza kurudishwa kwa samadi, lakini Waluguru hawakuwa wafugaji wa ng'ombe, na samadi ya kutosha haikuwepo.

Kulikuwa pia na suala la umiliki. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Wapo waliolima mashamba waliyopewa kwa ruhusa ya ukoo mwingine. Kumwambia mtu wa namna hiyo achimbe tuta la kudumu ni kuzua maswali. Je, tuta litakuwa la nani? Na aliyelichimba atadai nini kesho?

Jambo la kushangaza ni kwamba upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, huko Mgeta, matuta ya ngazi yalikubalika. Wakulima wa huko walikuwa wakilima mboga kwa kumwagilia, na mboga zilipata soko mjini. Tuta lililotunza maji lilimlipa aliyelichimba.

Aidha, wakulima wa Mgeta walikuwa na mbinu yao ya jadi. Majani na magugu hulazwa kwa mistari inayokingama mteremko na kufunikwa udongo, yakaoza na kuwa mbolea ndani ya vituta vidogo. Watafiti waliochunguza mashamba hayo baadaye waliona kuwa mbinu hiyo inasaidia kupunguza mmomonyoko.

Kwa maneno mengine, maarifa ya kuelewa ni wapi tuta lingefaa na ni wapi lisingefaa yalikuwepo katika milima ile ile. Yalikuwa mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewauliza.

Amri zilishuka, habari hazikupanda

Mwaka 1960 watafiti Roland Young na Henry Fosbrooke walichapisha kitabu kuhusu ardhi na siasa miongoni mwa Waluguru. Suala moja wanalolichambua ni mpasuko uliokuwepo kati ya uongozi wa serikali na uongozi wa jadi.

Serikali ilipitisha amri zake kwa watawala wa kienyeji iliowatambua yenyewe. Lakini wenye kauli juu ya ardhi walikuwa viongozi wa koo, ambao hawakuwa na nafasi kubwa katika ngazi hiyo ya utawala. Hivyo amri ilifika kijijini kupitia kinywa ambacho kilikuwa na nguvu ya serikali bila ya kuwa na nguvu ya ardhi.

Katika mfumo wa aina hiyo, ofisa wa chini anajikuta katika mtego. Akiripoti kwamba mazao yamepungua, anaonekana ameshindwa kuwasimamia watu. Akiripoti idadi ya matuta yaliyochimbwa, anaonekana mchapakazi. Ni rahisi kukisia ni ripoti ipi itakayofika juu.

Mkulima naye ana njia chache za kujieleza. Anaweza kuchimba kwa ulegevu, anaweza kujificha, au anaweza kulipa faini na kunyamaza. Ukimya wake husomwa ofisini kuwa ni ridhaa, mpaka siku anapojitokeza barabarani pamoja na wenzake.

Chama cha TANU, kilichoanzishwa Julai 1954, kilikuta malalamiko ya aina hiyo yameiva katika sehemu mbalimbali za nchi. Manung'uniko juu ya jembe yakageuka kuwa hoja ya kisiasa.

Hasara ya Uluguru haikuishia kwa aliyeuawa. Hofu ya wataalamu kwamba milima iko hatarini haikuwa ya uongo. Februari 1970 mvua kubwa iliyonyesha kwa saa chache huko Mgeta ilisababisha maporomoko zaidi ya 1,000 ya ardhi. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp walieleza kuwa mengi yalianzia kwenye mashamba na maeneo ya nyasi, na machache sana ndani ya msitu.

Wataalamu walikuwa sahihi kuhusu ugonjwa na walikosea kuhusu dawa. Kwa kuwa dawa ilinyweshwa kwa nguvu, hata onyo lao la kweli lilipoteza heshima mbele ya watu.

Karanga za Kongwa

Uluguru haikuwa peke yake. Katika miaka hiyo hiyo, magharibi mwa Morogoro, huko Kongwa, serikali ya Uingereza iliendesha mpango mkubwa wa kulima karanga ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula nchini mwake.

Mpango ulibuniwa mwaka 1946 kwa kukadiria mamilioni ya ekari, bila kwanza kujaribu shamba dogo kwa misimu kadhaa. Udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua haikuaminika, na mashine zikavunjika kwenye visiki. Ulipoachwa mwaka 1951, pauni za Uingereza zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Tofauti ya Kongwa na Matombo ni kubwa, lakini kosa ni la ukoo mmoja. Kila kitu kilipangwa mwanzoni, kikatekelezwa kwa ukubwa wote mara moja, na ukweli ukajulikana wakati gharama ya kurudi nyuma imekwisha kuwa kubwa mno.

Ajaili ni nini?

Nusu karne baadaye, watengenezaji wa programu za kompyuta walijikuta wakifanya kosa la namna hiyo hiyo katika vyumba vyenye viyoyozi.

Desturi yao ilikuwa kuandika mahitaji yote ya mteja katika nyaraka nene, kujifungia kwa miezi au miaka wakijenga, kisha kumkabidhi mteja kazi iliyokamilika. Mara nyingi mteja aligundua siku hiyo kuwa alichopewa sicho alichohitaji, au kwamba biashara yake imekwisha badilika.

Februari 2001, wataalamu 17 wa fani hiyo walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa tamko fupi. Kwa ufupi walikubaliana kuthamini zaidi watu na mazungumzo yao kuliko taratibu na zana, kazi inayoonekana kuliko nyaraka nyingi, kushirikiana na mteja kuliko kubishania mkataba, na kukubali mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango wa awali.

Tamko hilo ndilo lililoupa utaratibu huo jina la ajaili, ingawa mizizi yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1986 wasomi wa Japani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walieleza jinsi makampuni yaliyokuwa yakibuni bidhaa kwa kasi yalivyofanya kazi kama timu ya raga, wote wakisonga mbele pamoja na kupasiana mpira. Mwaka 1995 Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliwasilisha njia ya kufanya kazi iitwayo skramu, jina lililotoka katika mchezo huo huo.

Katika skramu, kazi kubwa hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hukamilishwa katika muda usiozidi mwezi mmoja. Kila siku timu hukutana kwa dakika zisizozidi 15, mara nyingi wakiwa wamesimama ili kikao kisirefuke. Kila mmoja hueleza amefikia wapi, anaelekea wapi na amekwama wapi.

Mwisho wa kila kipindi hufanyika mambo mawili. Kwanza, aliyeagiza kazi huonyeshwa kilichokamilika, akakikubali au kukikosoa. Pili, timu yenyewe hukaa na kujiuliza ni kipi katika utendaji wao kibadilishwe kabla ya kuanza kipindi kingine.

Aidha, timu nyingi huweka ukutani ubao wenye safu tatu: kazi zinazosubiri, zinazofanywa na zilizokwisha. Desturi ya kutumia kadi za aina hiyo ilikuzwa katika viwanda vya magari vya Toyota nchini Japani. Faida yake ni kwamba hali ya mradi huonekana na kila apitaye, hata mfagiaji, bila kusubiri ripoti ya robo mwaka.

Ingekuwa hivyo Uluguru, matuta yangechimbwa kwanza katika mashamba machache ya Matombo kwa msimu mmoja. Mavuno yangepimwa mbele ya wenye mashamba na viongozi wa koo. Mahindi yaliyodumaa yangesema mapema kile ambacho miaka kadhaa baadaye kilisemwa kwa mawe na risasi.

Wepesi si haraka

Wapo wanaoupinga utaratibu huu wakisema haraka haraka haina baraka. Hoja hiyo ni nzuri, lakini inamlenga asiyehusika. Aliyefanya haraka ni yule aliyeagiza milima mizima ichimbwe kabla ya kujua kama kilima kimoja kitavumilia.

Wepesi unaozungumziwa ni ule wa kugeuka. Dereva anayepanda barabara ya milimani hapunguzi umakini kwa kuwa ramani ni nzuri. Hutazama kona iliyo mbele yake, akageuza usukani kidogo kidogo. Methali inayoufaa zaidi utaratibu huu ni ile isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maarifa ya karatasi na maarifa ya mkono

Vikao vifupi na ubao wa ukutani havitoshi kama watu wenyewe hawashirikishani wanachokijua. Hapo ndipo suala la mawasiliano linapoungana na suala la maarifa.

Mwanafalsafa Michael Polanyi, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba binadamu hujua mambo mengi kuliko anavyoweza kuyasema. Mpishi hodari anajua chumvi imetosha bila kuipima. Fundi gari husikiliza injini akataja ugonjwa wake. Ukimwambia aandike jinsi alivyojua, atashindwa.

Nonaka na Takeuchi waliliendeleza wazo hilo katika kitabu chao cha mwaka 1995. Walieleza kuwa taasisi hukua pale ujuzi wa aina hiyo unapohama kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kwa kufanya kazi pamoja, ukasemwa, ukaandikwa, ukaunganishwa na maarifa mengine, kisha ukarudi kuwa mazoea ya wengi.

Mkulima wa Mgeta anayejua ni mteremko upi utabeba tuta na upi utaporomoka ana maarifa ya mkono. Dodoso la kurasa 20 haliwezi kuyachota. Hupatikana kwa kutembea naye shambani, kumwona akishika udongo, na kumuuliza kwa nini amepita huku asipite kule.

Morogoro ilivyojifunza

Mji wa Morogoro umekuwa na bahati ya kuwa na taasisi ambazo, kwa njia tofauti, zinaonyesha jinsi habari inavyoweza kupanda na kushuka.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilianzishwa mwaka 1984, na kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki dunia katika ajali ya gari mwaka huo huo huko Dakawa, mkoani humo. Mwaka 1993, kwa kusaidiwa na wataalamu wa chuo hicho, wakulima kutoka mikoa kadhaa walianzisha Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania (Mviwata), wenye makao makuu Morogoro.

Kaulimbiu ya mtandao huo ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Njia yake kubwa ya kueneza maarifa imekuwa ziara za mkulima kwa mkulima. Mtu kutoka kijiji kimoja huenda kukaa na mwenzake wa kijiji kingine, wakashika jembe pamoja na kuulizana maswali bila kuoneana haya. Mkulima huuliza kwa mkulima mwenzake maswali ambayo asingethubutu kumuuliza mtaalamu aliyeshuka kwenye gari.

Mfano wa pili uko Kibungo Juu, katika milima yenyewe ya Uluguru. Mwishoni mwa miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko mradi ambamo wakulima walilipwa kwa kutunza vyanzo vya maji ya Ruvu. Miongoni mwa walipaji walikuwa Dawasco, iliyokuwa ikiendesha huduma ya maji Dar es Salaam kabla ya kuunganishwa na Dawasa mwaka 2018, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza.

Miongoni mwa kazi walizolipwa wakulima hao ni kuchimba matuta ya ngazi. Kitu kile kile kilicholeta risasi mwaka 1955 kilirudi milimani kwa mazungumzo, kwa hiari, pamoja na matumizi ya samadi na upandaji wa miti, na kwa malipo yaliyotegemea eneo ambalo mkulima amelihudumia. Mradi huo ulikuwa na matatizo yake, hasa la kupata walipaji wa kudumu, lakini ulithibitisha kuwa tuta lenyewe halikuwa adui.

Mfano wa tatu ni wa panya. Shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji, limekuwa likifanya kazi ndani ya SUA tangu mwaka 2000, likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu.

Panya akigundua harufu inayotakiwa, mwalimu hubofya kidude kinachotoa mlio, na hapo hapo panya hupewa chakula kama ndizi au karanga. Akikosea hapati kitu. Jibu huja katika nukta hiyo hiyo, wala halisubiri mwisho wa mwezi. Kwa sababu hiyo panya hujifunza kwa usahihi, na mafunzo yote huchukua takriban miezi tisa.

Kwa upande wa kifua kikuu, sampuli za makohozi zilizokwisha kupimwa kliniki hupitishwa kwa panya. Zile anazozionyesha huchunguzwa tena maabara, na majibu yakarudishwa kliniki ili mgonjwa aliyekuwa amekosewa atafutwe. Jibu likichelewa, mgonjwa huendelea kuambukiza nyumbani kwake. Kasi ya habari hapo ni sehemu ya tiba.

Ujuzi wa kumsoma panya, yaani kutofautisha anayekuna ardhi kwa sababu amenusa baruti na anayekuna kwa uchovu, hauwezi kuandikwa wote kitabuni. Mwalimu mpya huupata kwa kufanya kazi ubavuni mwa aliyemtangulia. Ujuzi huo umesafiri kutoka Morogoro hadi Msumbiji, iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena maeneo yanayojulikana kuwa na mabomu ya ardhini, na hadi Kambodia. Huko panya Magawa, aliyefunzwa Morogoro, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 na kutunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020. Alikufa mwaka 2022.

Kikwazo cha heshima

Msomaji wa mjini anaweza kujiuliza mambo haya yanamhusu vipi yeye anayeshinda mbele ya kompyuta ghorofani. Yanamhusu kwa sababu Matombo ndogo ndogo hutokea maofisini kila siku.

Mradi huzinduliwa kwa shamrashamra, fulana na hotuba. Semina hufanyika hotelini, posho zikagawanywa. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza kizuri na kulala kabatini. Karani wa mapokezi, ambaye kila siku husikia wateja wakilalamikia jambo lile lile, hakuwahi kualikwa kwenye kikao hata kimoja.

Kikwazo kikubwa ni heshima isiyo mahali pake. Katika jamii zetu mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu, na bosi ni mkubwa hata akiwa na umri mdogo. Hivyo kikao cha kila siku hugeuka kuwa foleni ya kusema mambo yanakwenda vizuri. Mahali ambapo habari mbaya humletea msemaji adhabu, habari mbaya hukoma kusemwa, ingawa ubaya wenyewe haukomi.

Dawa yake si kuivunja heshima. Ni mkubwa mwenyewe kutangulia. Mkuu wa idara anayeanza kikao kwa kueleza alipokosea wiki iliyopita huwafungulia wengine mlango. Anayemshukuru aliyeleta habari mbaya mapema, mbele ya wote, hujenga desturi ambayo waraka hauwezi kuijenga.

Kikwazo cha pili ni choyo ya maarifa. Mtumishi aliyekaa miaka 20 hujua faili liko wapi, mteja yupi ni mgumu na mashine ipi hupigwa kofi ili iwake. Wengine huuficha ujuzi huo wakidhani ndio ulinzi wa ajira yao. Siku akistaafu au kuhamishwa, makabidhiano ya ofisi huwa ni funguo na orodha ya viti, na taasisi ikaanza kujifunza upya kwa hasara.

Taasisi makini humpangia mrithi afanye kazi pamoja na anayeondoka kwa miezi kadhaa kabla ya siku ya kuagana. Humpima pia mtumishi kwa idadi ya watu aliowafundisha, sambamba na kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Kikwazo cha tatu ni kudhani kwamba wingi wa ujumbe ndio mawasiliano. Makundi ya WhatsApp ya ofisini hujaa salamu, picha na matangazo, lakini uamuzi uliofikiwa juzi haujulikani uko wapi. Habari iliyotumwa kwa wote bila mtu wa kuifanyia kazi ni kama mvua iliyonyesha juu ya mwamba.

Si dawa ya kila ugonjwa

Pamoja na faida hizo, utaratibu wa ajaili una mipaka yake. Ukuta wa bwawa kama lile la Mindu, linalolipatia maji mji wa Morogoro, haujengwi kwa kujaribu na kubomoa. Kazi za namna hiyo zinahitaji mahesabu kamili kabla ya zege la kwanza kumwagwa.

Vilevile, zipo taasisi zilizochukua majina na kuacha maana. Vikao vya kusimama vinafanyika, kadi za rangi zimejaa ukutani, lakini uamuzi bado hutoka juu na hakuna kinachobadilika kutokana na yaliyosemwa. Wafanyakazi huchoka haraka na mchezo huo, kwani kuulizwa na kupuuzwa huuma kuliko kutoulizwa kabisa.

Kipimo rahisi cha taasisi yoyote ni kujiuliza maswali mawili. Mara ya mwisho mpango ulibadilishwa lini kutokana na neno la mtu wa ngazi ya chini? Na neno hilo lilichukua siku ngapi kufika kwa mwenye uamuzi? Asiyeweza kujibu ana sababu ya kuwa na wasiwasi, hata kama ripoti zake zote zinang'aa.

Maji ya Uluguru bado yanashuka kupitia Ruvu hadi kwenye mabomba ya Dar es Salaam, na wanaoyatunza bado ni wakulima wa milimani. Kila mpango mpya wa kuyalinda utategemea mikono yao, kama ule wa zamani ulivyoitegemea. Mwaka 1955 walisikilizwa baada ya mtu kufa. Wapangaji wa leo wana nafasi ya kuwasikiliza mapema zaidi, na gharama yake ni kupanda mlima na kuuliza.